Kabichi Zangu Hazifungi na Wageni Wanakuja Ijumaa

Mpendwa Shangazi Nekoye, naomba msaada, na naomba pia usicheke kabla hujafika mwisho, kwa sababu mimi mwenyewe nikisoma nilichoandika kuna mahali nacheka halafu nakumbuka ni mimi.

Nina miaka kumi na saba, niko kidato cha nne katika shule moja ya kutwa huku Kitale, naishi Kibomet na mama yangu, na tatizo langu ni kwamba siongei. Si kwamba ni bubu, nyumbani naongea mpaka mama anasema nipumzishe masikio yake, lakini nikisimama mbele ya mwalimu, au mtu mkubwa yeyote, hata mtu wa duka akiniuliza tu nataka nini, maneno yanarudi tumboni. Kwa kalamu ni jasiri, Kiswahili na Kiingereza vyote, walimu wa lugha wanashangaa, ati huyu anayeandika hivi ndiye yule anayeangalia viatu? Ndiye.

Mambo yalianza na mwalimu wetu wa kilimo, nitamwita Mwalimu Khisa ingawa silo jina lake. Ni mtu wa Naitiri, na Shangazi, ni mtu mzuri, na hiyo ndiyo shida yake, kwa sababu kila mtu kutoka hapa hadi Endebess ana namba yake ya simu, ng'ombe akikataa kula wanampigia, mahindi yakigeuka manjano wanampigia, mchungaji akitaka kujua kama shamba la kanisa linafaa viazi anampigia, na yeye hajui kusema hapana, anawasha pikipiki anaenda, sisi tunabaki darasani tukichora mzizi wa mharagwe kwa mara ya nne. Mwaka jana ng'ombe wetu alivimba tumbo alfajiri, mama akampigia, akaja na gambuti na sweta aliyoigeuza ndani nje, akamwokoa, halafu sisi kidato cha tatu tukakaa saa mbili bila mtihani wetu. Kwa hivyo siwezi kumlaumu. Masaa mengine ya wenzangu tuliyala sisi wa nyumbani kwetu.

Likizo ya Aprili akaenda semina Bungoma, siku mbili, ya walimu wa kilimo kujiendeleza na kupanga muda wao. Alirudi mtu mwingine. Alibandika karatasi kubwa ya manila ukutani kwa stoo ya majembe, ina visanduku vya rangi, kijani ni darasa, nyekundu ni shamba, buluu ni simu za wakulima, saa saba mpaka saa saba na nusu peke yake, na kwa njano ameandika MIMI MWENYEWE. Sisi wote tulisimama kuangalia hiyo njano. Tonny, ambaye kazi yake ni mdomo, akauliza, "Mwalimu, na hapo kwa njano unafanyanga nini?"

"Hapo ninakua," Mwalimu akasema.

"Si wewe ni mkubwa tayari, bana."

Mwalimu mwenyewe alicheka, lakini njano haikutoka.

Sasa Shangazi, kama hujui, sisi watahiniwa wa kilimo kila mmoja analima ploti yake, anaandika kila hatua kwenye kitabu cha rekodi, na huruhusiwi kwenda hatua nyingine mpaka mwalimu aone ile ya kwanza na atie sahihi, alama zinatoka hapo. Mwaka huu ni kabichi. Tuko arobaini na mmoja. Kwa ile manila mpya kila mtu alipewa dakika saba, na simu ya Mwalimu ikawekwa mlio wa jogoo. Jogoo akiwika, Mwalimu anahama, hata kama yuko katikati ya neno. Alikuwa anamwambia Rosaline, rafiki yangu wa ploti ya kumi, "Hapa kwa mizizi uangalie sana, kuna..." jogoo akawika, akaenda, na mpaka leo Rosaline hajui kwa mizizi kuna nini.

Ploti yangu ni ya thelathini na nane. Anazunguka alasiri tatu kwa wiki, na alasiri ya tatu kengele ya kwenda nyumbani inampata kwa ploti ya thelathini na tano. Wiki inayofuata anaanza tena kutoka moja, kwa sababu manila inasema hivyo. Wale wengine wa nyuma walimwita, "Mwalimu! Mwalimu huku!" akawafikia mbio mbio. Kila mara anauliza, "Kuna mtu sijamwona?" na mimi nimesimama pale pale na miche yangu, naangalia viatu.

Miche ya kabichi ikifika wiki nne hivi inataka kutoka kitaluni. Yangu ilifika wiki ya tano, ya sita, ya saba. Ilirefuka ikalala ubavu kama watu waliochoka kwa foleni ya hospitali.

"Si umwambie tu?" Rosaline akasema.

"Nitamwambia kesho."

"Hiyo kesho yako ilianza Jumatatu ya juzi."

"Kesho ya ukweli."

Kesho ya ukweli nilienda. Nilisimama mlangoni mwa chumba cha walimu, mwalimu mmoja akainua kichwa akaniuliza, "Ndiyo, unataka nani?" Nikasema, "Chaki." Akanipa chaki. Nikarudi. Siku iliyofuata nikaenda tena, unataka nani, chaki. Shangazi, nina vipande kumi na kimoja vya chaki kwa mkebe chini ya kitanda na mama akivipata sijui nitasema nini, labda nimeanza shule yangu.

Sasa dhambi yenyewe. Jirani yetu Mama Fridah huuza miche kando ya barabara, mimi humsaidia kumwagilia maji, na siku nyingi ameniambia nikihitaji nichukue. Jumamosi nikaenda. Ana matuta mawili. Alikuwa kwa simu akigombana na mtu wa mbolea, akanifanyia ishara ya mkono, unataka gani, nikaonyesha kwa kidole lile tuta la karibu, nikang'oa miche thelathini mizuri, minene, nikashukuru kwa kichwa. Jumapili baada ya kanisa nikaenda shuleni, mlinzi ananijua, nikang'oa yangu mirefu nikapanda ile ya Mama Fridah, halafu nikaandika kwa kitabu, kwa hati yangu nzuri, "Nimehamisha miche yangu kutoka kitaluni kwangu." Mkono haukutetemeka hata kidogo, na hiyo ndiyo inaniogopesha.

Jumatatu manila ilikuwa imefika wiki ya kugeuza mpangilio, Mwalimu akaanza kutoka mwisho! Akafika kwangu akasimama. "Nani amefanya hii?" Nikainua mkono kidogo. Jogoo akawika. Mwalimu akamzima. Hajawahi kumzima jogoo! Akaita darasa lote, "Njooni muone mtu anayejua muda ni nini. Huyu msichana haongei, lakini kabichi zake zinaongea."

"Zinasemaje, Mwalimu?" Tonny akauliza.

"Zinasema wewe uende ukapalilie."

Wakacheka, akatia sahihi akiwa amesimama, bila kuinama, kwa sababu alikuwa ameanza kula dakika za ploti thelathini na saba.

Hiyo ni wiki nne zilizopita. Sasa amewapigia wenzake wa ile semina, walimu kumi na wawili wa kilimo wanatoka Bungoma Ijumaa hii kuja kuona manila na kuona ploti yangu, na atakayewaeleza ni mimi. Amenipa dakika saba.

Na kuna jambo lingine dogo. Kabichi za wenzangu zimekaa chini, mviringo, majani ya katikati yameanza kukumbatiana. Zangu zinapanda. Kila jani lina mkono wake mrefu, pembeni limejikunjakunja kama pindo la gauni la sherehe, na shingo inaenda juu tu. Rosaline akiziangalia ananyamaza, na Rosaline hanyamazi. Mwalimu akitaka kusogea upande wangu, Rosaline anamkimbilia na lile swali la mizizi, jogoo anawika, na siku imepita. Nimejiambia labda zinachelewa. Je, Shangazi, kabichi inaweza kuchelewa kufunga? Maana hata zile zangu za zamani, sikuzitupa, zilinitia huruma, nilizipanda nyumbani nyuma ya jikoni nikazifukia shingo mpaka majani ya kwanza, na mama anasema hizo zimeanza kujikunja katikati. Lakini hizo si za mradi, ni za huruma tu.

Nifanye nini? Nikinyamaza, Ijumaa nasimama mbele ya walimu kumi na wawili. Nikisema, alama zangu zinaweza kufutwa, na mimi kilimo ndicho nilitaka kwenda kusomea, na yule mtu aliyekuja kwa ng'ombe wetu na sweta ndani nje ataaibika kwa wenzake kwa sababu yangu. Nakuomba usitoe jina langu. Mwalimu husoma ukurasa wako wa gazeti kila Jumanne saa nne wakati wa chai, kwa sauti, akicheka shida za watu. Ukiweza nitumie jibu mapema kwa namba ya Rosaline, iko hapo chini.

Ni mimi,
Mwenye Haya, Kibomet.

*

Mwenye Haya wangu,

Uliniomba nisicheke kabla ya mwisho. Nilijikaza mpaka chaki ya pili.

Nianze na swali lako la kitaalamu. Kabla magoti yangu hayajagoma nilifundisha kilimo miaka ishirini na sita huko Bungoma, kwa hivyo nakujibu kama mwalimu: hiyo si kabichi iliyochelewa. Hiyo ni sukuma wiki. Haitafunga Ijumaa, haitafunga Krismasi, haitafunga hata ukiita kwaya iiimbie. Miche ikiwa michanga, sukuma na kabichi ni kama watoto wa mama mmoja, asiyeinama kuangalia huwachanganya. Lile tuta la karibu la Mama Fridah lilikuwa la sukuma. Ungeuliza maneno manne tu, "Mama, hii ni gani?", leo ungekuwa na kosa moja badala ya mawili.

Nimeisoma barua yako tena na tena nikitafuta ni kitu gani hasa kinachokutisha. Uongo? Hapana, mkono haukutetemeka, umesema mwenyewe. Kinachokutisha ni zile dakika saba za kuongea! Mtoto wewe. Kusema "Mwalimu, hujafika kwangu" ulikuona ni kazi nzito, ukaamua ufanye nyepesi: ung'oe miche thelathini, umpite mlinzi, upande siku ya Bwana na nguo za kanisa, kisha uandike riwaya kwenye kitabu cha mtihani. Mdomo wako ni mvivu, binti yangu, na uvivu wake umeifanya mikono yako ifanye kazi ya punda.

Haya, sasa tuache mzaha kidogo. Kitabu kile ni cha mtihani. Chini ya maneno yako ya uongo kuna sahihi ya mtu, na mtu huyo alitoka kitandani gizani kwa ajili ya ng'ombe wenu. Ijumaa wenzake kumi na wawili watafika langoni, na nakwambia hawatahitaji kufika kwenye ploti. Mwalimu wa kilimo anaweza kusahau siku ya harusi yake, lakini sukuma anaijua akiwa ng'ambo ya ua. Wewe utaangalia viatu. Yeye ataangalia wapi? Ukinyamaza mtaaibika wawili, na mmoja wenu atakuwa hajui kwa nini. Huruma uliyoionea miche, mwonee na yeye.

Kwa hivyo unamwambia. Si Ijumaa, na si kwa barua. Najua tayari umeshika kalamu, iweke chini. Unamwambia kwa mdomo, na unamwambia yote, pamoja na Jumapili.

Na nakuona. Nakuona kabisa, uko na ndoo, unawaza kwenda kuzing'oa zile za nyuma ya jikoni uzirudishe shuleni kabla jua halijachomoza. Usithubutu. Ziache zilipo. Zina shingo ndefu, zimechelewa, lakini ni zako tangu mbegu, na ulipozifukia mpaka majani ya kwanza ulifanya vile vile mkulima mzoefu angefanya na mche uliorefuka. Hakuna aliyekufundisha, wala hakuna aliyekuwa akikuhesabia dakika. Umeziita za huruma tu. Mimi ningekuwa mwalimu wako, hapo ndipo ningetafuta pa kuweka tiki.

Lakini mimi si mwalimu wako, na sitakudanganya kuhusu alama. Kitabu kichukue, piga mstari mmoja juu ya ule uongo, usifute, usirarue ukurasa, na pembeni andika tarehe za kweli na kilichotokea. Kisha mpe mwenyewe mkononi. Huenda utapoteza alama za hatua hiyo. Huenda na zaidi, kwa sababu mtihani una sheria zake na yeye hakuzitunga. Hata hivyo, chuo cha kilimo unachokitaka hakitaki mtu ambaye kabichi zake zote zilifunga. Tumejaa huku nje, sisi ambao zetu hazikufunga.

Sasa neno kwa Mwalimu Khisa. Majina yote tumeyabadilisha, lakini jogoo wake hatukujua tumfiche wapi. Mwalimu, weka kikombe chini kwanza. Usiichane manila. Najua utatamani. Mimi nilikuwa wewe. Siku ya harusi ya dada yangu nilifika watu wakikata keki, mkono wangu wa kulia bado unanuka ndama wa diwani niliyemsaidia kuzaliwa. Ningepata semina kama yako nikiwa na miaka thelathini, magoti haya yangenishukuru. Lakini waliokupa rangi hawakukwambia kwamba kwenye shamba muda unapimwa kwa kuinama. Ploti nane kwa alasiri zinatosha, uiname kwa kila moja, na wiki inayofuata uanzie pale ulipoachia, usianze moja kama rozari. Katika wiki mbili utakuwa umemwona kila mtu, hata wasioita. Hasa wasioita. Kisanduku cha buluu kiache, ila tafuta vijana wawili huko Endebess uwafundishe mambo ya tumbo la ng'ombe, wapigiwe wao. Jogoo mrudishe kwa kazi aliyoumbiwa, akuamshe asubuhi. Na kuhusu njano, ulimwambia Tonny kwamba hapo unakua. Basi, kama hajafika bado, atakuja mtoto mmoja mlangoni kwako kukwambia kosa lake, na ndani ya kosa hilo utaliona lako, dogo, limesimama bila kuinama. Msikilize mpaka mwisho. Hiyo ndiyo njano ya wiki hii, imekwisha kujazwa.

Na tafadhali, mwambie Rosaline kwa mizizi kuna nini.

Turudi kwako, Mwenye Haya. Usimwombe Mwalimu awakataze wageni. Waje. Kama atakubali, nanyi mkienda pamoja, waonyesheni ploti ya shule na tuta la nyuma ya jikoni, maana kumi na wawili wale nao wana manila ukutani na watoto wa ploti ya thelathini na nane ambao hawajawaona. Sentensi yako ya kwanza nakupa bure: "Hii ni sukuma wiki, na nitawaeleza ilivyofika hapa." Ukishaitoa hiyo, zilizobaki zitakuja zenyewe, kwa sababu hakuna tena cha kuficha na watakuwa wanacheka. Waache wacheke. Walimu wa kilimo wakicheka huwa wamesikia.

Jibu hili nimelituma leo Jumapili kwa simu ya Rosaline, na najua amelisoma lote kabla hajakuita. Gazeti linatoka Jumanne, na saa nne, chai ikimiminwa, Mwalimu atalifungua na kuanza kusoma kwa sauti kama kawaida yake. Akifika kwa jogoo hatacheka tena. Ni afadhali awe anajua tayari. Kwa hivyo una Jumatatu nzima, tangu kengele ya asubuhi mpaka ya kwenda nyumbani, ambayo ni mara nyingi sana zaidi ya dakika saba.

Beba ule mkebe wako, na kitabu. Nenda mpaka mlangoni mwa chumba cha walimu. Yule mwalimu atainua kichwa, atakuuliza tena unataka nani, na mkono wake mwingine utakuwa tayari umeanza kuelekea kwenye kasha.

Usiseme chaki.